Minazi ya Nani, Udongo wa Nani

Serveya alifika asubuhi na darubini yake ya miguu mitatu na vijana wawili wa kumbebea mawe ya mipaka, yaani bikoni. Hawe wangu, yaani bibi mzaa baba, akamshika mkono akampeleka hadi kwenye mnazi mmoja uliopinda kuelekea baharini. "Mpaka wetu unaanzia hapa, mwanangu," akamwambia. "Unakwenda mpaka mwembe ule, unazunguka kaburi la mkwe wangu, kisha unarudi." Kijana akamsikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akasema, "Bibi, mnazi si bikoni."

Hawe hakubishana naye. Alimuuliza tu, "Na hiyo bikoni yako imepandwa mwaka gani?"

Kisa hiki, kwa sura mbalimbali, utakisikia hapa pwani ya Kenya, Takaungu, Roka, Matsangoni na Gede, na ukivuka mto Sabaki utakisikia tena Mambrui na Magarini. Mzee anajua kila mti na aliyeupanda. Ofisi ya ardhi ina karatasi, na karatasi hiyo ina jina la mtu ambaye mzee hajawahi kumwona. Watu husikia kisa namna hii wakaamua haraka: ama mzee amesahau, ama karatasi imeibwa. Karatasi za wizi zipo, na wazee wanaosahau wapo pia. Lakini miaka ya kusikiliza kesi za ukoo wetu na za majirani imenifundisha kwamba mara nyingi wote wawili wanasema kweli. Mzee na ofisi wanajibu maswali tofauti, na hakuna aliyewaambia.

Tuanze na neno lenyewe, shamba. Huku kwetu mtu akisema "lile ni shamba langu", anaweza kuwa anazungumzia miti tu. Kwa desturi ya pwani, iliyochanganya mila za Wamijikenda, mazoea ya Waswahili na hukumu za makadhi, mti una mwenyewe na udongo una mwenyewe, na si lazima wawe mtu mmoja. Unaweza kununua minazi kumi bila kununua mchanga iliposimama. Unaweza kuirithi kwa mjomba aliyeko Kaloleni huku wewe ukiishi Malindi. Ukibanwa na mahari au matanga, unaweza kuiweka rehani: aliyekukopesha ataangua nazi mpaka siku utakapomrudishia fedha zake, na siku hiyo inaweza kufika ukiwa umeshazikwa. Juu yake yupo mgema, ambaye haki yake ni ya tembo linalotoka kileleni, na nazi hazimhusu. Basi mnazi mmoja unaweza kuwa na watu wanne wanaouita "wangu", na hakuna hata mmoja kati yao anayesema uongo.

Sheria ya Kiingereza haikulijua jambo hili. Kwake kilichoota juu ya ardhi ni cha mwenye ardhi, basi. Mifumo hii miwili ilipokutana, ule wenye karani na mhuri ndio uliobaki kwenye kumbukumbu za serikali, na ule mwingine ukabaki vichwani mwa akina hawe. Ndiyo maana siku hizi ukimwuliza mzee "shamba hili ni la nani?" anakujibu swali la miti, makaburi na ruhusa. Hati inajibu swali la udongo peke yake.

Lakini hati hizo zilitoka wapi? Hapo inabidi turudi nyuma karibu miaka 200, na niombe radhi mapema kwa sababu njia yenyewe haijanyooka.

Mwaka 1837 Seyyid Said wa Oman na Zanzibar aliwashinda Wamazrui, ukoo wa Kiarabu uliotawala Mombasa. Tawi moja la Wamazrui likahamia kusini, Gazi. Jingine likaja kaskazini, likajenga Takaungu. Malindi, mji uliompokea Vasco da Gama mwaka 1498, wakati huo ulikuwa magofu na vichaka. Ulianza kukaliwa upya mwanzoni mwa miaka ya 1860, chini ya Sultani Majid, na haukufufuka kwa ajili ya uvuvi. Ulifufuka kwa mtama na ufuta uliopakiwa majahazini kwenda Arabuni, na mtama huo ulilimwa na watumwa. Wengi wao walitokea pande za ziwa Nyasa na kusini mwa Tanganyika, wakapitia Kilwa. Majina kama Mnyasa, Myao na Mngindo bado yametapakaa katika koo za pwani, hata kama wenye koo hizo wamezoea kuyapita haraka wanapohesabu babu zao.

Kuna waliotoroka. Walioitwa watoro walijenga vijiji vyao bara kidogo, kama Fuladoyo ndani ya Ugiriama, nchi ya Wagiriama ambao ni mojawapo ya makabila ya Wamijikenda, wakalima na kujilinda wenyewe. Wengine walikimbilia misheni ya Rabai, au Frere Town iliyoanzishwa Kisauni mwaka 1875. Na wakati huohuo Wagiriama wenyewe walikuwa wanahama. Walitoka kaya zao za vilimani, yaani vijiji vyao vya kale vilivyozungukwa na msitu, wakasogea kaskazini wakitafuta ardhi mpya, na kufikia mwisho wa karne ya 19 walikuwa wamevuka Sabaki na wanalima mahindi kule ng'ambo. Njaa ndiyo iliyowasukuma wengi. Njaa kubwa ya mwisho wa karne hiyo wazee waliiita Magunia, kwa sababu ya chakula cha msaada kilicholetwa kwa magunia. Mtu akikuambia babu yake alifika Gede "wakati wa Magunia", hiyo ni tarehe. Haina namba tu.

Kwa hiyo kabla Mwingereza hajafungua ofisi yoyote ya ardhi, shamba moja nyuma ya Malindi lingeweza kuwa limefyekwa na watumwa wa bwana fulani, likaachwa likarudi kichaka, likaingiwa na watoro, kisha na Wagiriama waliokuja na jembe na kuku wa tambiko. Familia nne, kumbukumbu nne, na kila moja inaanza na maneno yaleyale: "Tulikuta pori."

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kwamba Sultani wa Zanzibar anatambuliwa kuwa na mamlaka juu ya ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 za baharini, karibu kilomita 18 na nusu kutoka ufukweni. Hakuna mwenyeji aliyeulizwa, na wala mstari huo haukufuata mto, kilima wala mpaka wa kabila lolote. Mwaka 1895 Uingereza ikaukodi ukanda huo kutoka kwa Sultani na kuutawala kama himaya. Kwa Mgiriama aliyekuwa na nyumba bara na shamba karibu na bahari, mstari haukuonekana. Alikuwa akiuvuka kila wiki na kikapu kichwani.

Halafu zikaja sheria mbili zilizofuatana kwa karibu sana, na nadhani hapa ndipo fundo lilipofungwa.

Mwaka 1907 utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya. Serikali ililipa fidia, lakini waliolipwa ni mabwana. Aliyeachwa huru aliondoka na uhuru wake na jembe, kama jembe lenyewe lilikuwa lake. Wengi hawakuondoka kabisa. Walibaki palepale, wakilima kipande kilekile, sasa kwa ruhusa badala ya amri.

Mwaka uliofuata, 1908, ikapitishwa Sheria ya Hati za Ardhi. Serikali ilitaka kujua ardhi ipi ya ukanda wa pwani ina mwenyewe na ipi haina, ili hiyo isiyo na mwenyewe iwe ya Mfalme wa Uingereza na iweze kukodishwa kwa walowezi wa pamba, mpira na mkonge. Njia iliyotumiwa ilionekana ya haki kwa mtu aliyekaa mezani: kila anayedai ardhi aje mbele ya afisa, alete madai yake na ushahidi, apewe hati. Asiyekuja, ardhi yake itahesabiwa kuwa haina mtu.

Nani angekuja? Angekuja mtu aliyezoea ofisi, mwenye karatasi ya kadhi, mwenye mashahidi waliokubalika, na mwenye shamba lililopandwa kwa safu ambazo afisa akisimama anaziona. Angekuja mwenye deni kwa mfanyabiashara, akisukumwa na huyo mfanyabiashara, aliyejua vizuri kwamba ardhi yenye hati inaweza kuwekwa rehani kwa fedha nyingi zaidi. Wasingekuja wale waliolima kwa kuzungusha mashamba, mwaka huu hapa, mwaka wa tatu kule, kwa sababu ardhi yao iliyokuwa ikipumzika ilionekana pori. Asingekuja mtu aliyekuwa mtumwa mwaka mmoja tu uliopita, ambaye kudai ardhi kungemaanisha kusimama mbele ya mzungu na kumpinga aliyekuwa bwana wake. Na Mmijikenda alitazamwa na serikali kama mtu wa bara, mwenye hifadhi yake ya kikabila kule nyuma ya zile maili 10. Alipokutwa karibu na bahari, alionekana mgeni.

Siyo kwamba hakuna Mmijikenda aliyepata hati. Wapo waliopata, hasa waliokuwa Waislamu na wenye ujamaa na watu wa mijini. Wala siyo kwamba kila Mwarabu au Mswahili alifaidika: nyingi ya hati hizo hazikukaa mikononi mwa waliozipata. Ziliuzwa kwa Wahindi na Wazungu, zikauzwa tena, na mrithi mmoja mjanja aliweza kuuza kilichokuwa cha ndugu saba. Wamazrui wa Takaungu, ambao ardhi yao iliwekewa sheria maalumu ya udhamini mwaka 1914, waliiona sheria hiyo ikifutwa na Bunge la Kenya huru mwaka 1989. Huwa nawakumbusha watu jambo hili ninaposikia historia yote ya pwani ikifupishwa kuwa "Waarabu walitunyang'anya". Ufupi huo unampendeza mwanasiasa jukwaani. Ukienda nao mahakamani utashindwa, kwa sababu mwenye hati ya leo mara nyingi ni kampuni.

Kwa Wagiriama kulikuwa na pigo jingine katikati ya hayo yote. Mwaka 1913 serikali ilikuwa inataka vijana wao wakafanye kazi mashambani mwa walowezi, inataka kodi, na inataka waondoke ng'ambo ya Sabaki ambako walikuwa wakulima wa kujitegemea. Mekatilili wa Menza, mama mjane, aliwakusanya watu Kaya Fungo wakala kiapo cha kutoshirikiana na serikali. Yeye na Wanje wa Mwadorikola walikamatwa wakapelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi, wakatoroka Januari 1914 na kurudi nyumbani. Agosti mwaka huo, vita vya Ulaya vikianza, serikali iliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Mapigano yakafuata, nyumba zikachomwa, Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000, na waliokuwa kaskazini ya mto wakafukuzwa.

Miaka michache baadaye waliruhusiwa kurudi. Lakini sasa tazama kilichotokea kwenye kumbukumbu za familia. Ukoo unaosema "tumekuwa hapa tangu zamani za kale" umeondolewa kwa nguvu mwaka 1914 na kurudi baada ya hapo. Ofisi inaandika tarehe ya kurudi, na kuiita tarehe ya kufika. Familia haisahau kufukuzwa, lakini haikuhesabu kama kuhama, maana makaburi yalibaki. Nimewahi kukaa na wazee wawili wa ukoo mmoja, mmoja akisema walifika na babu wa tatu na mwingine akisema na babu wa tano. Ilituchukua mchana mzima na birika mbili za chai kugundua kwamba mmoja alikuwa anahesabu kufika na mwingine kurudi.

Baada ya hapo maisha yakajipanga kwa namna ambayo hakuna sheria iliyoieleza. Mashamba yenye hati yalikosa watu wa kuyalima, kwa kuwa watumwa walishafunguliwa. Wagiriama walikuwa na mikono na hawakuwa na hati. Basi mwenye hati, au msimamizi wake, akamruhusu mtu akae, asafishe chini ya minazi, alime mahindi na kunde, na alipe ijara kidogo, kwa fedha au kwa sehemu ya mavuno. Serikali iliwaita maskwota, na jina likabaki hadi leo. Watoto wanaozaliwa mahali alipozaliwa babu wa babu yao bado wanaitwa hivyo.

Sharti moja lilirudiwa karibu kila mahali: panda utakacho, ila usipande mti wa kudumu. Sasa umeshaelewa kwa nini. Mahindi yakivunwa, haki ya mkulima inaisha nayo. Mnazi unakaa miaka 60 au zaidi, na kwa desturi ya huku aliyepanda ana lake. Kumruhusu mtu apande mnazi kulikuwa sawa na kumpa nusu ya ardhi. Kwa hiyo watu walipanda kwa hila. Mkorosho ulisaidia sana katika vita hivi, maana huota hata kwenye mchanga mkavu usiofaa kitu, na mtu akiulizwa anaweza kusema ndege ndiye aliyeangusha mbegu. Wenye mashamba waling'oa, wapangaji wakapanda tena. Ukiona mikorosho iliyokaa shaghalabaghala bila safu nyuma ya Roka au Gede, usidhani mpandaji hakujua kulima.

Uhuru ulipokaribia, watu wengi walitarajia kwamba hati za mkoloni zitaondoka na mkoloni. Hazikuondoka, na sababu yake imeandikwa. Oktoba 1963, Waziri Mkuu wa Kenya, Jomo Kenyatta, na mwenzake wa Zanzibar, Mohamed Shamte, waliandikiana barua za makubaliano ili ukanda wa pwani uunganishwe na Kenya. Miongoni mwa ahadi za Kenya ilikuwa kutambua hati zote za umiliki kamili zilizokwisha kusajiliwa pwani, na kulipa fidia ikiwa ardhi hiyo itachukuliwa kwa matumizi ya umma. Ahadi hiyo ilikusudiwa kuwatuliza Waislamu wa pwani walioogopa kumezwa na bara, na hofu yao ilikuwa ya kweli. Wakati huohuo iliyafunga matokeo ya 1908 kwa kufuli la pili. Hawe wangu alicheza ngoma usiku wa uhuru na kesho yake akampelekea msimamizi ijara yake kama kawaida.

Serikali huru ilijaribu skimu za makazi. Magarini, kwa msaada wa Australia kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, ilikatwa viwanja na barabara zilizonyooka kama rula kwenye nchi ambayo mvua yake haijawahi kunyooka. Nyingine zilifanikiwa zaidi. Tatizo la skimu, machoni mwa familia, ni kwamba humpa mtu ploti kwa namba, na namba yako inaweza kuangukia juu ya makaburi ya mwenzio. Hati zimegawiwa pia na marais mbalimbali kwenye viwanja vya mpira, nyingi sana mwaka 2013. Sitawadharau waliozipokea. Nimeona mzee akilala na yake chini ya mto kwa mwezi mzima.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera kuliko yote, kwa sababu linaigeuza kumbukumbu nzuri kuwa silaha dhidi ya mwenyewe. Sheria ya Kenya inaruhusu mtu aliyekaa kwenye ardhi ya mwingine kwa miaka 12 mfululizo, waziwazi, aende mahakamani aombe kuwa mmiliki. Wengi wakisikia hivyo hukimbia kwa wakili na kusema, "Sisi tuko pale tangu enzi za tsawe, babu yetu, miaka 80." Wakili mzuri atauliza maswali mawili. La kwanza: ardhi ni ya mtu binafsi au ya serikali? Ikiwa ya serikali, miaka 12 haina maana, hata iwe 120. La pili: mlikaa kwa ruhusa ya mwenyewe? Kwa maana aliyekaa kwa ruhusa hajakaa kinyume na mwenye ardhi, na bila ukinyume huo dai hilo halisimami. Na hapo ndipo bibi mwaminifu anasimama kizimbani na kusema kwa fahari, "Hatukuwa wezi. Kila mwaka tulilipa ijara, na risiti ninazo." Fahari hiyo imezika kesi nyingi. Aliyevamia bila haya ana nafasi kuliko aliyelipa. Sijui neno jingine la kuliita jambo hili ila dhuluma, ingawa hakimu anayeifuata sheria hana kosa.

Ardhi ya wakfu ina mkasa wake pia, na nitaigusa tu: mtu akishaiweka wakfu kwa msikiti au kizazi chake, haiuzwi wala hairithiwi kama mali nyingine, kwa hiyo "aliyekuuzia" wewe mwaka fulani hakuwa na cha kuuza. Uliza mapema.

Familia itafanya nini basi na kumbukumbu zake? Nimejifunza kuzishughulikia kama mtu anavyoshughulikia nazi: kuna kumbi, kuna kifuu, kuna nyama, na ukianza kwa kung'ata utaumiza meno.

Majina ndiyo kumbi. Mgiriama humpa mwanawe wa kwanza jina la baba yake mzazi. Kwa hiyo Kazungu anamzaa Karisa, Karisa anamzaa Kazungu, na mduara unaendelea. Ndugu wanne wakifuata desturi, babu mmoja anapata wajukuu wanne wenye jina lake. Karani wa miaka ya 1950 akiandika "Karisa wa Kazungu" ameandika watu watatu au wanne. Nimeona kesi ambapo upande mmoja uliamini kwa moyo safi kwamba risiti ya babu mkubwa ni ya babu mdogo. Dawa ni kuuliza jina la mama. Karisa wapo wengi, lakini Karisa wa Kadzo aliyeolewa kutoka Chonyi ni mmoja.

Fedha husaidia tarehe. Mzee akikumbuka kwamba baba yake alilipa kodi au alinunua minazi kwa rupia, jambo hilo lilitokea kabla rupia haijaondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Akikumbuka kipande, yaani kitambulisho cha kazi kilichovaliwa shingoni, ni baada ya Vita vya Kwanza. Mafuriko makubwa yaliyotangulia uhuru ni ya 1961. Yale ya El Niño ni ya 1997 na mwanzo wa 1998. Usimuulize mzee "mwaka gani?", maana atakupa namba ili kukuridhisha. Muulize walikuwa wakila nini.

Makaburi yasomwe vilevile. Kaburi la Kiislamu huku kwetu hulazwa ili maiti aelekee kaskazini, kwenye kibla, kwa hiyo kaburi la zamani lililolala hivyo katikati ya ukoo usio wa Kiislamu linauliza swali. Mara nyingi jibu ni mahaji, yaani Mmijikenda aliyesilimu, au mtumwa aliyefunguliwa akaolea ndani ya ukoo. Familia nyingine hazipendi jibu hilo. Bado ni jibu.

Halafu kuna vigango. Mzee wa chama cha Gohu akifa, huchongewa nguzo ya mti mgumu na kusimikwa nyumbani, na ikishasimikwa haiondolewi. Mji ukihama, kigango kinabaki. Kwa macho ya ukoo, vigango vilivyobaki msituni ni ramani ya mahali ulipopita, kimoja baada ya kingine. Kwa macho ya wachuuzi wa sanaa vilikuwa vimetelekezwa. Kuanzia miaka ya 1970 viliibwa kwa wingi na kuuzwa ng'ambo, na vijana wa hapahapa ndio walioving'oa, kwa fedha ndogo ya kutia aibu. Mwaka 2007 vichache vilirudishwa kutoka makumbusho mawili ya Marekani, na vingine vimefuata baadaye. Watu walifurahi kurudi kwa roho za wazee, na mimi nilifurahi. Lakini nilikuwa nafikiria pia shimo kila kimoja kilikotoka, ambalo sasa hakuna ajuaye lilikuwa wapi. Mtu aliyeiba kigango aliiba bikoni.

Na miti. Kuti la mnazi likianguka huacha kovu linalozunguka shina, na mnazi mrefu wa pwani hutoa kuti moja hivi kwa mwezi. Ukihesabu makovu na kugawa kwa 12, kisha ukaongeza miaka michache ya utoto wake kabla shina halijatokeza, unapata umri kwa makadirio yanayokubalika. Tulifanya hivyo kwa ule mnazi uliopinda, mwaka 2009. Hawe alikuwa amesema siku zote kwamba mkwewe aliupanda juu ya kitovu cha mwanawe, yaani tsawe wangu, wiki aliyozaliwa. Kitambulisho cha tsawe kilisema amezaliwa 1942, tarehe mosi Januari, kama wazee wengi ambao karani aliwakadiria kwa kuwatazama uso.

Mgema alipanda na kipande cha mkaa, kila kovu la mia akachora mstari na kutuita tuandike. Alihesabu 874. Karibu na shina chini makovu yalikuwa yamefutika, hatukuyaingiza. Hiyo ni miaka 73 kasoro, na utoto wa mti juu yake. Tsawe alikuwa amezaliwa kabla ya 1936, pengine mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1930. Tuliandika miaka yote miwili kwenye daftari, wa kitambulisho na wa mnazi, na jina la mama yake tsawe pembeni.

Bikoni ya serveya ilikuwa hatua tatu kutoka kwenye shina. Tuliifuta mchanga tukaisoma: ilikuwa na namba, haikuwa na mwaka.